Trú na Siðr: Kutoka Reykjavík hadi Dragháls

Kutoka uwanja wa ndege wa Keflavík hadi Reykjavík ni kilomita kama 50, karibu zote zikipita kwenye mawe meusi ya volkano yaliyofunikwa na ukoga wa kijani. Nilifika Iceland mwishoni mwa Juni, jua likiwa halizami vya kutosha kuleta giza, na swali langu lilikuwa moja. Watu wa huku wanaofuata miungu ya kale ya Kaskazini, Óðinn, Thor, Freyja na wenzao, wao wenyewe wanajiitaje? Kwa Kiswahili tuna neno mpagani, nalo humtaja mtu kwa kile asicho nacho: si Mkristo, si Mwislamu, basi. Nilitaka jina la kile walicho nacho.

Kwanza matamshi, maana huku Mswahili ana bahati. Herufi Þ ni th ya thamani, na ð ni dh ya dhahabu. Wageni wengi hujikwaa hapo, sisi tunapita. Á hutamkwa au, kwa hiyo Ásatrú ni "Ausatru".

Neno hilo ndilo jina rasmi la dini hii. Linaunganisha Æsir, ukoo wa miungu wa akina Óðinn, na trú, yaani imani. Wengi hudhani lilitoka vinywani mwa Waviking, lakini lilitungwa karne ya 19. Wazee waliommiminia Thor kinywaji hawakulijua. Maandishi ya kale yanapotaja mambo yao husema siðr, mwenendo, kile ambacho sisi tungekiita mila. Mila ya zamani ni forn siðr, na Ukristo ulipoingia uliitwa siðr mpya. Tofauti hiyo si ndogo. Imani huulizwa "unasadiki nini?", mila huulizwa "mnafanya nini, lini, na nani?"

Kwa nini basi jumuiya kubwa ya Iceland, Ásatrúarfélagið, ikachagua trú? Nadhani jibu limo kwenye sheria. Taasisi ya dini inayotambuliwa na serikali huitwa trúfélag, chama cha imani, na anayetaka kutambuliwa hana budi kuzungumza lugha ya fomu. Kila mkazi ana mstari wake wa dini katika daftari la taifa, Þjóðskrá. Kuanzia umri wa miaka 16 mtu huubadilisha mwenyewe. Tarehe ya kuangalia ni 1 Desemba, kwa sababu hali ya daftari siku hiyo ndiyo inayoamua chama chako kitapata mgao gani mwaka unaofuata. Mgao huo huitwa sóknargjald, na serikali huutoa kwa kila mwanachama aliyefika miaka 16. Asiye na chama hana cha kurudishiwa, fedha hubaki hazina.

Hapa ndipo hesabu za waumini zinapopotosha. Mwaka 2015 chama kilichojitangaza kuwa cha miungu ya Sumeri, Zuism, kiliahidi kuwarudishia wanachama mgao wao, na watu zaidi ya 3,000 wakajiandikisha. Daftari liliwahesabu kama kundi la dini sawasawa na wengine. Ásatrúarfélagið nayo imevuka wanachama 5,000 katika nchi ya watu wasiofika laki nne, lakini wanaofika kwenye ibada ni sehemu ndogo tu ya hao. Anayeandika habari kwa kutazama takwimu pekee atakosea pande zote mbili: wapo walioandikwa wasiofanya lolote, na wapo wanaofanya kila kitu bila kuandikwa popote.

Ndani ya kundi lenyewe majina yanazidi. Heiðinn ni kivumishi, na wengi hujiita hivyo bila shida. Heiðingi ni nomino ya asili hiyohiyo, lakini imekaa karne nyingi kwenye mahubiri kama tusi, kwa hiyo mgeni asianze nayo. Anayemfuata zaidi Freyja au Freyr atasema jina Ásatrú linamwacha nje, kwa kuwa hao ni wa ukoo wa Vanir, naye hujiita wa Vanatrú. Huko Uswidi jambo hili lilibadilisha bango: chama kilichoundwa mwaka 1994 kwa jina la Sveriges Asatrosamfund kilijiita upya Samfundet Forn Sed Sverige mwaka 2010. Waliweka sed, yaani siðr, mahali pa tro, yaani trú. Denmark wana Forn Siðr, iliyotambuliwa na serikali mwaka 2003. Sioni hapo ugomvi wa maneno matupu. Jina hupanga nani ataingia na ataulizwa nini mlangoni.

Jina la kuogopwa ni lile linalofungamana na rangi ya ngozi. Nje ya Iceland, hasa Marekani, yapo makundi yanayodai miungu hii ni ya watu weupe peke yao. Ásatrúarfélagið imeandika waziwazi kwamba inakataa itikadi ya ubora wa watu fulani, inakataa kushabikia vita, na inakataa kafara ya wanyama. Makuhani wake hufungisha ndoa za jinsia moja pia, na mwaka 2015 walipokea ujumbe wa chuki kutoka ng'ambo kwa sababu hiyo. Kwa msafiri maana yake ni hii: nyundo ya Thor shingoni Reykjavík ni pambo au ni ibada, lakini Ujerumani au Uswidi mtu anaweza kuisoma kama alama ya wabaguzi. Anayeivaa kwa dhati inambidi ajieleze kwa kosa la wengine, na jambo hilo linauma.

Alhamisi niliondoka mjini kwenda Þingvellir, kilomita kama 45 kwa barabara namba 36. Usitegemee basi la kawaida. Kodi gari au panda la watalii, uweke na pesa ya maegesho. Vaa viatu vya kukamata mwamba na koti la mvua hata kukiwa kweupe. Kutoka Hakið, juu, unateremka ndani ya Almannagjá, ufa mkubwa ambapo bamba la ganda la dunia la Amerika Kaskazini linaachana na la Ulaya na Asia, hadi kwenye mlingoti wa bendera unaoonyesha Lögberg, Mwamba wa Sheria. Usikanyage ukoga nje ya njia. Ukishachunika huchukua miaka mingi kurudi.

Bunge la Alþingi lilianza hapa mwaka 930. Mwaka 999 au 1000 Wakristo na wafuasi wa miungu walikaribia kupigana, uamuzi akapewa msema sheria Þorgeir Þorkelsson, ambaye mwenyewe alikuwa wa mila ya zamani. Alijifunika joho mchana na usiku, kisha akatamka kwamba watu wote wawe na sheria moja na siðr moja. Ndiyo, siðr. Watu wabatizwe, ila kutupa watoto wachanga kuruhusiwe, kula nyama ya farasi kuruhusiwe, na kutoa sadaka kuruhusiwe mradi kufanyike kwa siri. Ruhusa hizo zilifutwa miaka michache baadaye. Nilikaa pale mlingotini muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikiwaza jinsi uamuzi huo ulivyogusa matendo ya watu bila kupekua mioyo yao.

Blót, yaani ibada ya sadaka, ya Þingvellir hufanyika Alhamisi ya juma la kumi la kiangazi, kwa kalenda ya zamani. Siku yenyewe ina hadithi. Kiaislandi cha leo huiita fimmtudagur, siku ya tano, kama Alhamisi yetu iliyotokana na tano ya Kiarabu. Zamani iliitwa Þórsdagur, siku ya Thor. Askofu Jón Ögmundarson wa Hólar, aliyefariki mwaka 1121, alipiga vita majina ya siku yenye miungu ndani yake, na akafaulu. Jumuiya hii imelirudisha: matangazo yake huandika Þórsdagur.

Ibada ni fupi. Watu husimama duara. Allsherjargoði, kuhani mkuu, ambaye tangu 2003 ni mtunzi wa muziki Hilmar Örn Hilmarsson, hutakasa mahali na kughani beti za mashairi ya kale. Pembe ya kinywaji huzunguka. Ikikufikia, inua kwa miungu, kwa mizimu ya nchi au kwa wahenga wako, sema kwa sauti au kimya, kunywa funda moja, mpe wa pili. Asiyetaka pombe anyanyue tu, au amimine kidogo chini. Kosa la wageni ni kupiga picha pembe ikiwa mikononi mwa mtu, na la pili ni kumuuliza jirani kama anaamini kweli yupo Óðinn, mzee wa jicho moja mwenye farasi wa miguu minane. Hilmar amekwisha kusema hadharani kwamba hadhani yupo anayeamini hivyo. Hadithi hizi wao huzisoma kama mafumbo ya nguvu za maumbile na za nafsi ya binadamu.

Kesho yake nilipita chini ya bahari, handaki la Hvalfjörður la kilomita karibu sita, kwenda bonde la Svínadalur, kwenye shamba la Dragháls. Hapa aliishi Sveinbjörn Beinteinsson, mfugaji wa kondoo na mghani wa mashairi ya rímur, aliyeanzisha jumuiya na wenzake siku ya kwanza ya kiangazi, mwaka 1972. Inasimuliwa kwamba walipotoka ofisini kwa waziri kuomba kutambuliwa, radi ilipiga na umeme ukakatika katikati ya mji. Kanisa lilipinga, askofu Sigurbjörn Einarsson akiwa mbele, lakini mwaka 1973 wakaandikishwa. Agosti ya mwaka huohuo, kwenye mvua, walifanya blót yao ya hadharani hapa, mbele ya sanamu ya Thor.

Mvua ilianza tena nikiwa langoni. Ilikuwa Ijumaa, ambayo Kiaislandi sasa huiita föstudagur, siku ya kufunga. Kabla ya askofu Jón iliitwa frjádagur, nalo lilikuwa jina la mungu mke.