Tulipokwama Kapsoit

Nauli ya Nakuru hadi Kisumu ilikuwa imepandishwa hadi Sh1,200 kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kwa pesa hizo nikapewa kiti cha nyuma kabisa, magoti kifuani na gunia la vitunguu la mtu miguuni. Salgaa tulibanwa na malori karibu saa nzima. Kero hizo nimezizoea. Ninaandika kwa ajili ya mama niliyeketi naye.

Tulipita Kericho mvua ikinyesha, na karibu na Kapsoit paipu ya rejeta ikapasuka. Makanga alidandia boda kurudi mjini kutafuta nyingine, sisi tukajazana kwenye kibanda cha chai. Kikombe kidogo, Sh50, katikati ya mashamba ya majani chai! Mama alikuwa na mfuko wa nailoni aliokuwa ameukumbatia tangu Nakuru. Aliponisikia nikimweleza kijana mmoja kwamba mimi hufundisha historia, akanisogelea. “Mwalimu, wewe umesoma. Hebu nitazamie hii.”

Ndani mlikuwa na nakala ya kitambulisho cha mwanawe wa kwanza, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu iliyolowa hadi muhuri ukawa doa la zambarau, na karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye simu: mkataba, maandishi yote ya Kirusi. Kijana alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha lori. Ajenti alimlipia tiketi na viza. Alipofika Urusi alipokonywa pasipoti, akapelekwa kambini. Mama alinionyesha picha kwenye simu: theluji hadi vifundoni, kofia ya chuma iliyomzidi kichwa, utepe mwekundu mkononi. Tangu picha hiyo, kimya. Alikuwa ametoka kuulizia ofisi moja Nairobi, akalala kwa dadake Nakuru, na sasa alikuwa anarudi kwao Luanda, ile ya Vihiga.

Najua mwanawe hayuko peke yake. Mwezi wa Novemba 2025 serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi kupigana Ukraine.

Akaniuliza kama zamani watu waliwahi kwenda kufa kwenye vita vya watu wengine. Nikamwambia habari za Uhispania, maana ndiyo niipendayo kuliko zote nifundishazo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Julai 1936, na watu kama 35,000 kutoka nchi zaidi ya 50 wakaenda kuitetea jamhuri dhidi ya Jenerali Franco aliyeiasi. Ufaransa ilipofunga mpaka, walivuka milima ya Pyrenees kwa miguu usiku. Miongoni mwa Wamarekani walikuwamo weusi wapatao 90, na wengi wao walikuwa na uchungu wa Ethiopia, ambayo Mussolini, dikteta wa Italia, aliivamia Oktoba 1935. Hawakupata njia ya kufika Ethiopia. Wakamfuata Mussolini huko alikokuwa amepeleka majeshi kumsaidia Franco. Oliver Law, mtu mweusi kutoka Texas, aliongoza kikosi cha Wamarekani kilichoitwa Lincoln, kilichokuwa na wazungu na weusi pamoja, akauawa Brunete, karibu na Madrid, Julai 1937.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. “Hao walijua wanakwenda vitani,” akasema. “Wangu alijua anakwenda kuendesha lori.”

Sikuwa na la kujibu. Hata wale wa Uhispania walichukuliwa pasipoti zao walipofika Albacete, mji uliokuwa na kambi yao, na wengi hawakuzipata tena. Pasipoti ya mmoja wao, kutoka Kanada, ilikuja kutumiwa na mtu aliyemuua Trotsky, yule mwanamapinduzi wa Urusi, huko Meksiko mwaka 1940. Hilo sikumwambia.

“Na walioishi, walirudi kwao?”

Nikamwambia waliagwa Barcelona Oktoba 1938, watu wakiwarushia maua, na kwamba mwaka 1996 Uhispania iliwafungulia uraia wale wazee waliokuwa bado hai. Lakini alichotaka kujua hasa kilikuwa kingine. Jirani alikuwa amemtisha kwamba mwanawe akirudi atatiwa ndani kwa kupigania jeshi la kigeni bila ruhusa ya Rais. Sheria kama hiyo tunayo kweli. Nami nikafikiria Uswisi: vijana wake waliorudi kutoka Uhispania walifungwa na nchi yao wenyewe, na bunge likawasafisha majina mwaka 2009, wakati karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Paipu ilifika jioni. Kutoka Kapsoit hadi Ahero hatukuongea sana. Kisumu nilikaa nikafanya yaliyonipeleka, nikala samaki kwa bei ya kukata tumbo, na karibu yote hayo yamenitoka kichwani. Lililobaki ni wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Nakuru imejaa vijana waliomaliza shule, wanaolala mchana kwa sababu hakuna cha kuwaamsha. Ajenti akija na tiketi, ni nani kati yao atakayesoma mkataba mara mbili, hata kama ungekuwa wa Kiswahili? Serikali inayojua idadi ya waliokwenda Urusi ingeweza kusema leo, hadharani, kwamba aliyedanganywa akirudi hatashtakiwa. Mama mmoja Luanda angelala usingizi kidogo.

Tulikuwa tumepeana nambari za simu. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe: ile ofisi inataka barua nyingine ya chifu, kwa kuwa muhuri wa ile ya kwanza hausomeki, na ailete yeye mwenyewe Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa ajili ya muhuri. Nimemtumia nusu, na bado nimekasirika.