Redevansi ya madini na maji ya mvua Lubumbashi: dosie ya komini iandikwe vipi

Komini nyingi zikiomba pesa ya maji ya mvua, zinaomba kanivo, yaani mtaro wa kujengwa. Kanivo mpya inaondoa maji kwenye avenyu haraka, na kwa haraka hiyohiyo inapeleka chupa, mafuta ya gereji, kinyesi na vumbi la madini mpaka mto Lubumbashi, halafu Kafubu. Kwenye ripoti kazi imekwisha. Anayemwagilia lengalenga (mchicha) kule bondeni, yeye uchafu umemfikia mapema zaidi, basi.

Kwanza pesa. Ibara ya 175 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na sheria ya ETD (mamlaka za chini zilizogatuliwa) ya Oktoba 2008 inataka asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa ishuke kwenye miji, komini, sekta na machifu. Hiyo ni karatasi. Retrosesioni, yaani pesa hiyo inayorudishwa chini, huchelewa na hupungua njiani, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 ndiyo inayoshikika: redevansi, yaani malipo ya mgodi kwa madini anayouza, inagawanywa asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa mkoa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa ETD ambamo mgodi unafanya kazi, ikilipwa moja kwa moja bila kupitia Kinshasa. Shida ni kwamba Ruashi ina mgodi, Kenya na Kamalondo hazina. Komini isiyo na mgodi iandike dosie pamoja na mji au na mkoa wenye ile 25. Pia kila kampuni ya madini inatakiwa kutenga walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Fungu hilo linaweza kubeba kazi ndogo kama chekecheo la takataka. FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara, iache kwa barabara: kanivo ya kando ya lami inaweza kuingia, ila bwawa la kutulizia maji lililo mbali na lami utalitetea kwa shida.

Sasa cha kuomba. Chukua kartie (mtaa) ya hektari 5, nusu ya mvua ikitiririka na nusu ikinywewa na udongo. Mvua ya milimita 60 kwa saa inaleta lita kama 417 kwa sekunde. Kanivo ya mawe yenye upana wa sm 60 na kina cha sm 60, kwa mteremko wa mita 5 kwa kila 1,000, inabeba lita kama 500. Inatosha. Lakini ikijaa potopoto (tope) hadi nusu, inabaki na lita 200 au pungufu, na maji yanaingia nyumbani mwa watu. Ndiyo maana mimi naona bwawa la kutulizia potopoto lina faida hata kwa burugumesta (mkuu wa komini) asiyejali samaki: likiwekwa kabla ya kanivo kuu, linailinda isizibe.

Uchafu mwingi huja na maji ya kwanza. Ukishika milimita 10 za mwanzo katika hizo hektari 5, nusu ikinywewa na udongo, unahitaji mita 250 za ujazo: bwawa la mita 25 kwa 8, kina mita 1.25. Urefu uwe mara tatu ya upana, vinginevyo maji yanakata njia moja kwa moja na potopoto haipati muda wa kutua. Mlangoni tenga chumba cha mita 30 hivi za ujazo, sakafu yake iwe ya beto ili beleshi lisichimbe udongo. Kabla yake weka chekecheo la vyuma vya mm 12 vilivyoachana sm 5, limelala nyuzi 45 hadi 60, na pembeni yake njia ya maji ya ziada. Chekecheo lililosimama wima bila njia hiyo huziba kwa mifuko ya plastiki kwenye mvua ya kwanza, na wakaaji watalivunja kwa nyundo. Watakuwa na haki.

Tundu la kutolea maji ndilo linalokosewa zaidi. Mafundi huweka bomba la mm 110 kwa sababu ndilo lililopo dukani, na bwawa linakauka kwa saa kama 5, potopoto laini ikiondoka nalo. Tundu la mm 50 linatoa maji yote kwa saa 24 hivi. Lizungushie kokoto, maana dogo namna hiyo linazibwa na kifuniko kimoja cha chupa. Likiziba, maji yanalala, na mbu hawahitaji zaidi ya wiki moja na siku chache.

Kuta za mawe zinakula mifuko ya simenti kama 2 na nusu kwa kila mita ya ujazo. Andika hesabu hiyo kwenye dosie, kwa kuwa ni hapo simenti hupotea.

Bwawa halisafishi kila kitu. Shaba na kobalti zilizoshikana na vumbi zinatua. Zilizoyeyuka kwenye maji yenye asidi zinapita. Kwa hiyo lisiwe kisingizio cha kiwanda kumwaga maji yake kanivoni. Liwe pia mbali na visima, walau mita 30, na chini yake pagandamizwe udongo wa mfinyanzi.

Potopoto nayo inahitaji mstari wake katika bajeti: kuitoa mara mbili kwa mwaka, Septemba na katikati ya mvua, na lori la kuibeba. Salongo, kazi ya pamoja ya wakaaji, inaitoa vizuri lakini inaiacha ukingoni, mvua inairudisha. Na isipelekwe bustanini, hasa inayotoka kartie zilizo karibu na viwanda vya madini, hata kama inaonekana nyeusi na nzuri. Bila mstari huo, bwawa litakuwa jalala kwa mwaka wa pili.

Mchoro uonwe na OVD, ofisi ya barabara za mji na mitaro, kabla ya kuomba pesa, si baada. Bajeti inaanza Januari na zabuni ina taratibu zake; ujenzi unafaa Mei hadi Septemba. Dosie inayoingia Februari inajengwa kiangazi cha mwaka unaofuata.