Nilivyojifunza kuhesabu siku za theluji

Nilihamia Lowell, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwaka 2014, nikabandika kalenda ya shule ya wanangu kwenye mlango wa friji, nikaizungushia duara siku ya mwisho ya masomo, kisha nikakata tiketi za kwenda Nairobi kwa siku iliyofuata. Majira ya baridi yaliyokuja ndiyo yale ambayo Boston, mji mkuu wa jimbo letu, ilipata theluji ya inchi 110.6, yaani karibu mita 2.8, rekodi ya jiji hilo. Shule zilifungwa mara kwa mara, na masika yalipoingia tukaletewa barua kwamba masomo yangeendelea hadi ndani zaidi ya Juni. Gharama ya kubadilisha tiketi ilimeza malipo yangu ya zamu kadhaa za usiku.

Nilikwenda kumwuliza karani wa shule, naye akanieleza kwa subira jambo ambalo kila mzazi mgeni anastahili kuelezwa siku ya kuandikisha mtoto. Jimbo linataka wanafunzi wasome siku 180, lakini kila wilaya ya shule hupanga kalenda ya siku 185, zile tano zikiwa akiba iliyowekwa mwishoni. Theluji isipofunga shule, siku hizo hukatwa na watoto hufunga mapema. Ikifunga shule siku tatu, siku tatu za akiba hutumika. Akiba ikiisha, uongozi hulazimika kutafuta siku kwingine, na hapo hata likizo ya Aprili huweza kuguswa.

Zamani nilidhani shule hufungwa kwa sababu ya baridi. Asubuhi moja, theluji ikiwa imekwisha kuanguka tangu usiku, nilimpeleka mwanangu mdogo wa darasa la pili kwenye kona anapopandia basi, nikakuta magari ya kusafisha barabara yamerundika theluji juu ya njia ya waenda kwa miguu, rundo likimzidi mtoto kimo, hata dereva asingeweza kumwona. Tangu siku hiyo sijanung'unika simu ya tangazo inapolia saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Zamu yangu siku hizi huanza saa moja kasorobo asubuhi, kwa hiyo nilikubaliana na jirani yangu, mama kutoka Bukavu anayefanya kazi jioni: shule ikifungwa, watoto wangu huvuka kwenda kwake, na wake huja kwangu nirudipo. Kila Septemba tunakaa pamoja na kalenda mbili na kalamu nyekundu, tunahesabu hadi siku ya 185, na hiyo ndiyo tunayoizungushia duara. Kila shule inapofungwa tunaongeza alama pembeni. Mwaka huu zimefikia mbili, na tiketi zetu ni za siku mbili baada ya ile ya 185.