The X Factor: Albamu ya Iron Maiden Ninayoitetea

Wapenzi wengi wa hevi metali wameshaihukumu The X Factor kwa sababu moja tu: ilitoka mwaka 1995, wakati mwimbaji Bruce Dickinson hayumo katika Iron Maiden, bendi ya Uingereza. Mimi naiweka juu ya Fear of the Dark ya 1992, ambayo Dickinson aliiimba yote, na nina sababu zangu.

Kubadilisha mwimbaji hakukuwa jambo geni kwa bendi hii. Paul Di'Anno alipoondolewa mwaka 1981 akaingia Dickinson, albamu iliyofuata, The Number of the Beast ya 1982, ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza. Safari hiyo, hata hivyo, walipata sauti inayopaa zaidi ya ile waliyoiacha. Dickinson alipojiondoa mwaka 1993, nafasi yake ilichukuliwa na Blaze Bayley wa Wolfsbane, bendi ya mji wa Tamworth, Uingereza, iliyowahi kuwatangulia Iron Maiden jukwaani katika ziara ya 1990, na sauti ya Bayley ni nzito, yenye mkwaruzo, isiyopenda kupanda juu. Kwa hiyo swali la msingi lilikuwa ni nyimbo za namna gani zingeandikwa kwa ajili ya koo la aina hiyo.

Jibu lilitokana kwa sehemu kubwa na hali ya Steve Harris mwenyewe, mpiga gitaa la besi na mwanzilishi wa bendi, ambaye wakati huo ndoa yake ilikuwa imevunjika. Kurekodi kulifanyika Barnyard, studio iliyo nyumbani kwake Essex, na kwa kuwa Martin Birch, mtayarishaji wao wa miaka mingi, alikuwa amestaafu, Harris aliifanya kazi hiyo pamoja na Nigel Green. Matokeo yake ni nyimbo 11 zinazozidi dakika 70, nyingi zikizungumzia vita, hatia, kupoteza imani, na katika Judgement of Heaven, mawazo ya kujiua yakitajwa waziwazi bila kupambwa. Sidhani kama mwimbaji mwenye sauti ya ushujaa angeweza kuyatamka maneno hayo nasi tukamwamini.

Msikilize Bayley katika Sign of the Cross, wimbo wa kwanza, unaochukua zaidi ya dakika 11. Kwanza inasikika kwaya ya wanaume ikiimba kwa mtindo wa watawa wa kale, bila ala yoyote. Kisha besi inaingia polepole, na Bayley anaanza kuimba kwa sauti ya chini sana, karibu na kunong'ona, kama mtu anayesimulia jambo asilotaka wengine walisikie. Magitaa yanapolipuka baadaye, yeye hafukuzani nayo kwenda juu. Anabaki chini na kuuacha uzito wa maneno ufanye kazi. Kuanza albamu ya kumtambulisha mwimbaji mpya kwa wimbo mrefu na mzito kiasi hicho, wakati Man on the Edge, kibao chenye kasi kilichochaguliwa kuwa singo, yaani wimbo wa kutolewa peke yake, kilikuwepo, kulihitaji ujasiri, na pengine ukaidi. Afadhali ukaidi huo kuliko kumwigiza aliyeondoka.

Dosari zipo. Sauti ya rekodi ni kavu mno, viitikio vinarudiwa kupita kiasi, na nyimbo kadhaa zinaanza kwa utulivu uleule kiasi kwamba mtu anaweza kuzichanganya. Ningeondoa mbili bila majuto. Uingereza albamu iliishia nafasi ya 8, ilhali Fear of the Dark ilikuwa imeshika ya kwanza.

Lakini kilichomwangusha Bayley zaidi kilikuwa jukwaa. Ziara ilianzia Jerusalem Septemba 1995, ikaendelea hadi Afrika Kusini, na kila usiku alipaswa kuimba, pamoja na nyimbo zake, zile za zamani zilizokaa juu kabisa katika upeo wa Dickinson. Zilikuwa kama kanzu iliyoshonewa mtu mwingine: hata uivae kwa heshima gani, mabegani itakubana tu. Koo lake lilipata matatizo, baadhi ya maonyesho ya Marekani yakafutwa, na mashabiki waliomsikia akihangaika na vibao vya miaka ya themanini wakaibeba hukumu hiyo hadi kwenye albamu ambayo ndani yake hahangaiki hata kidogo. Naona si haki kuyachanganya mambo hayo mawili.

Baada ya albamu ya Virtual XI ya 1998, ambayo kwa kweli sina la kuitetea ila wimbo wa The Clansman, Bayley aliachishwa, na mwaka 1999 Dickinson akarudi pamoja na mpiga gitaa Adrian Smith. Jambo linalonifurahisha ni kwamba nyimbo zenyewe hazikufukuzwa: katika Rock in Rio, albamu ya onyesho la Brazil la Januari 2001, Dickinson anaimba Sign of the Cross mbele ya umati mkubwa, na wengi husema hapo ndipo wimbo ulipompata mwenyewe. Anauimba vizuri mno, sikatai. Ila kinywani mwake mhusika wa wimbo, mtu anayeelekea kwenye hukumu, anasikika kana kwamba anajua atashinda, ilhali katika rekodi ya 1995 Bayley hajui, na mimi huirudia ile ya 1995.