Nyanya za mstari wa tatu bado siku tatu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikajibu, "Nalima mboga nyumbani," wengi husema, "Kumbe upo tu." Basi hii ndiyo Jumatano yangu ya juzi.

Saa 11:30 alfajiri niko bustanini na tochi. Kwenye tuta la kabichi, miche minne imelala chini, imekatwa shinani kama kwa wembe. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Hula usiku, na kukikucha hujizika palepale. Nikafukua udongo kwa kidole kuzunguka kila mche, nikawatoa watatu, wamejikunja kama pete. Wa nne sikumpata, na jambo hilo lilinikera asubuhi nzima.

Saa 12 kumwagilia, shinani tu, maana majani yakishinda na maji ukungu unapata njia. Saa 1 mimi na mama tukachuma spinachi kabla jua halijapanda, majani yakiwa bado yameshiba maji. Saa 3 mafungu yote yako kivulini chini ya gunia bichi.

Saa 4 akaja mteja. Alianza na kabichi: "Mbona zina matundu?" Nikamwambia ni viwavi, nawaokota kwa mkono, na matundu yako kwenye majani ya nje tu. Nikamenya moja mbele yake, ndani nyeupe, safi. Akaiweka chini. Macho yake yalikuwa kwenye nyanya za mstari wa tatu, nyekundu, zinang'aa.

"Nipe zile."

"Zile siuzi leo, dada. Nilizipulizia dawa Jumamosi. Lebo inasema siku saba kabla ya kuchuma."

"Nitaziosha."

Hapo ndipo nilipokaa naye karibu saa nzima. Nikamweleza kwamba maji hutoa kilicho juu ya ganda, na zipo dawa zinazopenya hadi ndani ya tunda. Zile siku za kusubiri ni muda wa dawa kuvunjika. Akasema wenzangu wanauza tu na hajaona mtu aliyeanguka. Akasema anawajua wanaonunua kwangu, atawaambia sijui biashara. Akaniita mama, akaniita dada, mwisho akaniita "wewe". Nikampa za mstari wa kwanza, ambazo hazijapuliziwa. Akazigeuzageuza, akasema ndogo. Akaondoka mikono mitupu, huku spinachi niliyokuwa nimefunua ili achague imeanza kulegea juani.

Zile nyanya nimezilea tangu mbegu. Wiki tano kitaluni, kisha kufunga kambaa kwenye miti, kisha kupunguza machipukizi ya pembeni moja moja. Kukataa kuziuza kulinigharimu. Lakini wanangu wanakula kutoka mistari hiyohiyo, na siwezi kumpa mtoto wa mwenzangu kitu ambacho nisingempa wangu.

Mchana nilikula nimesimama. Baada ya hapo ni palizi, na hapo sikuangalia tena saa. Magugu yaliyo karibu na vitunguu huwezi kuyatia jembe, maana mizizi ya kitunguu iko juujuu, utaikata. Unachuchumaa, unang'oa kwa vidole, unasogea hatua, unachuchumaa tena. Mstari mmoja, wa pili, wa saba. Mgongo ulianza kuuma, baadaye nikaacha kuusikia. Kaka akaja kugeuza lundo la mboji, mvuke ukatoka katikati, na ile harufu ya udongo mzuri ikanipa nguvu ya kumaliza mistari miwili iliyobaki.

Jua lilipopoa tukahamisha miche mingine ya kabichi kuziba mapengo. Jioni ndiyo wakati wake, mche upate usiku mzima wa kushika kabla ya kukutana na jua. Mama alikata karatasi ngumu, akazikunja kuwa pete, tukauvisha kila mche, sehemu ya pete ikizama udongoni na sehemu ikibaki juu. Vidole vyake ni vizito siku hizi, ila pete zake ni imara kuliko zangu.

Watoto walipolala nikarudi na tochi. Sota mmoja mnene alikuwa anaizunguka karatasi kwa nje, anatafuta pa kuingilia. Nikamwokota, nikamulika mche unaofuata.