Uwiano wa 2 usikutulize
Kampuni ndogo yenye mali za muda mfupi (fedha taslimu, bidhaa, na pesa inazodai wateja) za milioni 12 na madeni ya muda mfupi ya milioni 6 ina uwiano wa 2, yaani mali hizo ukigawanya kwa madeni hayo, kuona kama inaweza kuyalipa. Wengi huishia hapo wakaridhika. Sasa toa bidhaa zilizo stoo, tuseme milioni 7: inabaki 5, gawanya kwa 6, unapata 0.83. Nauamini zaidi huu, maana bidhaa isiyouzwa hailipi deni. Kagua pia wadaiwa, yaani wateja ambao hawajakulipa. Ankara iliyopita siku 90 bila kulipwa mimi huiondoa kabisa kwenye mali. Na kwenye madeni, ingiza marejesho ya mkopo wa muda mrefu yanayoangukia miezi 12 ijayo, husahaulika sana! Pima kila mwisho wa mwezi, mizania (taarifa ya mali na madeni) ya mwaka huchelewa mno.