Bruno alipokula yai la chokoleti

Nimepikia Wataliano hapa Malindi miaka kumi na mbili sasa. Mbwa wa nyumba niliyopo anaitwa Bruno. Ni koko wa kuokotwa pwani ya Silversands aliyebahatika kupata mwenyewe, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na moja limelala. Mimi ni mtu wa Shela, ya hapa Malindi si ile ya Lamu, na tangu siku ya kwanza tuliwekeana mipaka, mimi na yeye: jikoni haingii, nami simgusi. Mabaki namtilia kwenye bakuli lake mlango wa nyuma. Mapatano hayo yalidumu hadi Jumatatu moja ya Pasaka.

Wataliano Pasaka yao haikamiliki bila yai kubwa la chokoleti, wazi ndani, limevikwa karatasi ya kung'aa, na tumboni mwake mna kizawadi cha plastiki. Malindi imewazoea watu hawa tangu miaka ya 1960, ilipoanzishwa kambi ya San Marco kule Ngomeni ya kurushia setilaiti, kwa hiyo yai lenyewe si geni kwetu. La mwaka ule lilikuwa la chokoleti nyeusi, asilimia 70 kakao, gramu 250. Jumapili walilipasua katikati, ganda moja wakalimaliza wageni, ganda la pili mama mwenye nyumba akasema tuliweke. Friji imejaa samaki na kamba, hata pa kupenyeza yai hapana. Nikalirudishia karatasi yake, nikaliweka barazani juu ya meza fupi, chini ya feni lisiyeyuke. Kosa ni langu, simtafutii mwingine wa kumbebesha.

Kesho yake wenyewe wakaenda Watamu kula mchana. Nilipotoka kuswali adhuhuri nikakuta karatasi imechanwachanwa sakafuni, Bruno anaramba vigae. Nilikasirika, lakini nilikasirikia yai. Nikafagia, nikatupa kwenye pipa, nikarudi kwenye nazi zangu. Nusu saa nzima ilipotea hivyo. Sikuwaza sumu kwa sababu kila jioni mama humpa Bruno kibiskuti chenye chokoleti akinywa kahawa yake, na kwa miaka yote sijamwona mbwa akikohoa.

Halafu nikamtumia mama ujumbe wa sauti kuomba radhi kwa yai lake. Nilitarajia aninunie. Akanipigia hapo hapo, sauti juu: amekula kiasi gani? Saa ngapi? Nikamwambia mama, si yai tu? Akasema niachane na yai, mbwa anaweza kufa. Akanipa nambari ya daktari wa mifugo mjini, akasema wao ndio wanaingia garini lakini nisiwangoje.

Daktari hakunipa hata nafasi ya kusalimia vizuri. Aliuliza mambo manne: chokoleti gani, gramu ngapi, tangu saa ngapi, na mbwa ana kilo ngapi. Nikajibu kiasi tu, daktari, si nyingi. Akaniambia, "Mama, usinibahatishie. Pima."

Basi nikarudi kwenye pipa. Nikatoa makombo moja moja kutoka kwenye maganda ya vitunguu na magamba ya samaki, nikayapanga kwenye sinia kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Kizawadi nikakipata, kigari chekundu kizima, alhamdulillahi, hakumeza. Karatasi ilikuwa pungufu. Nikayatia makombo kwenye mizani yangu ya keki: gramu 25. Ganda zima lilikuwa 125. Kwa hiyo mia zimo tumboni.

Kilo zake zikanishinda. Ndipo mzee wetu wa lindo, Mgiriama asiyekuwa na taabu na mbwa, akamkumbatia Bruno kama mwana-kondoo, akapanda naye kwenye mizani ya bafuni. Sabini na tisa. Akamtua, akapanda peke yake. Sitini na moja. "Kumi na nane, mama," akasema, "na mimi nimepungua."

Wakati huo habari ishavuka ua. Dada wa jirani akaleta pakiti ya maziwa, maana kwetu sumu yoyote ni maziwa. Mwingine akashauri maji ya chumvi ili atapike. Mzee mwenyewe alitaka kusaga makaa ya jikoni. Nilimuuliza daktari yote matatu kwa simu. Maziwa hayazuii kitu, alisema. Chumvi msithubutu, chumvi nyingi nayo humuua mbwa. Makaa ya jikoni siyo mkaa wa dawa, ule umetengenezwa maalumu kunasa sumu tumboni. "Mlete sasa hivi, bado hajachelewa kutapishwa." Bruno mwenyewe alikuwa mzima kabisa, anatikisa mkia, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: dalili huchukua saa mbili, nne, hata zaidi kuanza, na zikishaanza nafasi nzuri ya kumtapisha ishapita.

Tuktuk mbili zilituona zikaongeza mwendo. Ya tatu ilisimama, kijana akachungulia. "Mama, mbwa kwa tuktuk yangu? Nani atakaa hapa baada yake?" Nikamwambia nitakulipa mara mbili na gunia la kutandika ninalo. Mzee akakaa nyuma na Bruno mapajani, mimi nikabanana na dereva mbele, sinia la makombo mkononi. Sijui kwa nini nililibeba. Daktari alilifurahia kuliko kitu chochote.

Alimdunga sindano ya kutapisha. Hazikupita dakika nyingi, Bruno akainamisha kichwa, mbavu zikaingia na kutoka, ikamwagika topetope ya kahawia yenye harufu ya sherehe, na ndani yake vipande vya karatasi ya kung'aa. Mara tatu. Mimi chokoleti sijaila tangu siku ile.

Akamnywesha mkaa wa dawa, akamtundikia dripu, na tulipokuwa tunangoja akanipigia hesabu nyuma ya kadi ya chanjo. Kakao ina kitu kiitwacho theobromini, ndugu yake kafeini ya kwenye kahawa. Binadamu huiondoa mwilini upesi. Mbwa huchelewa sana: saa kama 17 na nusu ndipo itoke nusu yake tu. Gramu moja ya chokoleti nyeusi ina miligramu 5 hadi 8. Gramu mia ni 500 hadi 800. Gawanya kwa kilo 18, unapata 28 hadi 44 kwa kila kilo ya mbwa. Ikifika 20 hutapika, huharisha, hatulii. Ikifika 40 au 50 moyo huanza kwenda mbio. Ikifika 60 huingia degedege. "Huyu wako, mama, alikuwa anagonga mlango wa pili."

Nikamuuliza habari ya vile vibiskuti vya jioni. Akacheka. Chokoleti ya maziwa ina miligramu kama 2 kwa gramu, na kibiskuti kimepakwa gramu chache tu. Kwa mbwa wa kilo 18 haionekani. Chokoleti nyeupe ndiyo karibu haina kitu. Mbaya kupita zote ni kakao ya unga, inayoweza kufika miligramu 20 na zaidi kwa gramu moja. Hapo nikalikumbuka kopo langu la kakao, rafu ya chini kabisa, mfuniko umelegea.

Magharibi akaturuhusu. Dawa ya kuondoa sumu yenyewe hakuna, alisema, kazi iliyobaki ni kuulinda mwili mpaka uitoe. Apewe maji, na kila saa mbili au tatu atolewe nje akojoe, kwa sababu theobromini ikikaa kwenye kibofu hunyonywa tena ikarudi kwenye damu. Nihesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, nizidishe kwa nne. Yakizidi kupanda, au akianza kutetemeka, nimpigie hata usiku wa manane.

Mama alikuwa amesharudi, lakini magoti yake hayamruhusu kupanda na kushuka ngazi za bustani usiku kucha. Nikampigia mume wangu nikamwambia leo silali nyumbani. "Kwa ajili ya mbwa?" Kwa ajili ya mbwa, ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha yule mtu aliyemchotea mbwa maji kisimani kwa kiatu chake akasamehewa. Sikutegemea kwake.

Moyo wa mbwa unausikia nyuma ya kiwiko cha mkono wa kushoto, chini kidogo. Ilibidi niweke kiganja. Mara ya kwanza, saa mbili usiku, nilihesabu 41 kwa sekunde 15, yaani 164. Manyoya yalikuwa ya moto, na chini yake kitu kinadunda kama cherehani. Alikuwa hatulii: anazunguka baraza, anahema ulimi nje, anakunywa bakuli zima, anarudi kuzunguka. Nilimtoa na kamba mpaka chini ya mkilifi, akakojoa, tukarudi. Saa nne, 38. Saa sita alinirambia mkono nikiwa nahesabu, nikasahau nilipofika, nikaanza upya.

Kila nikimaliza naenda kwenye bomba la bustani kunawa, mara saba, mojawapo kwa udongo, kama sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi tulivyofundishwa. Usiku ule nilinawa hata mzee akaniuliza kama nataka kuumaliza udongo wa Malindi. Mvua ya masika ilipita mara mbili, ikatukuta wote watatu chini ya makuti.

Saa tisa akalala. Nilishtuka, nikamwekea kiganja: 31. Adhana ya alfajiri ilimkuta 27, sawa na 108, na nilipompelekea daktari nambari hizo zote kwa simu alijibu neno moja, vizuri. Asubuhi alikunya choo cheusi kama lami kwenye vigae vyeupe vya mama, ule mkaa, na mama akapiga makofi kana kwamba amezaliwa mjukuu.

Siku ya tatu daktari alipomwangalia akauliza mbwa huyu kwa kawaida anakula nini. Nikajibu kwa kujisifu: mabaki mazuri, daktari, pilau, biriani, haachi kitu. Kalamu ikasimama. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, akasema. Na zabibu, hata chache, zinaweza kumwangusha figo. Nilihesabu kimoyomoyo masinia ya pilau niliyomkwangulia mlango wa nyuma, zabibu za juu nikimwachia yeye maana mimi sizipendi. Hesabu hiyo sikumwambia mtu.

Kakao sasa iko kabati la juu, ndani ya mkebe wa kukaza. Idd iliyofuata nilipika pilau la mama na wageni wake, nikamtolea Bruno wali mtupu kabla ya kutia chochote, na kipande cha samaki changu bila mifupa. Akaunusa wali. Akainua pua kuelekea sufuria lililokuwa dirishani, akanitazama mimi, akautazama tena wali. Kisha akaondoka zake hadi kwa mzee wa lindo, aliyekuwa na sahani yake imejaa, na ikabidi nimkimbilie na mwiko.